Siku moja Kidichi na Kizimbani kwa baiskeli: njia ya anayeanza

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mwembetanga, Mjini Unguja, na baiskeli nimejifunza nikiwa na miaka thelathini na tisa, mtoto wangu wa mwisho akinishikia kiti kwa nyuma uwanjani. Huu ni mwaka wa sita, na takriban kila Jumaapili natoka. Kwa kuwa wateja wangu wengi ni wanawake na baiskeli yangu huegemea mlangoni, haupiti mwezi bila mmoja kuniuliza: "Dada, na mimi nataka kutoka nje ya lami, kwenye njia za shamba. Nianzie wapi?"

Jawabu yangu haijabadilika. Anzia Kidichi, ufike Kizimbani, urudi. Sababu ni udongo.

Unguja ina sura mbili. Upande wa mashariki na kusini, kwenda Paje, Jambiani hadi Makunduchi, ardhi ni maweni: jiwe la matumbawe limechomoza juu, lina makali, na udongo kidogo uliopo umejificha mashimoni. Upande wa magharibi udongo ni mwingi na una kina, ndiyo maana minazi na mikarafuu ilipandwa huku. Ukianguka maweni unachanika goti na tairi kwa pamoja. Ukianguka Kizimbani unainuka na vumbi jekundu, unajipangusa, unaendelea. Mimi nimeanguka kote kuwili. Nyuma ya Jambiani, mwaka wangu wa pili, nilishonwa nyuzi sita za goti, na kovu ninalo mpaka leo. Wanaoanza nisingependa wapitie hayo, wakakata tamaa mapema na baiskeli wakaiuza.

Udongo, kabla ya yote

Watu wa shamba wana majina ya udongo, na majina hayo yatakufaa kuliko ramani ya simu. Jifunze matatu.

Kinongo ni ule mwekundu. Ukiwa mkavu unashikana kama sakafu iliyopigwa mchi, gurudumu linateleza mbele bila kelele, na hapa ndipo utakapoipenda baiskeli. Njia nyingi za juu, za mgongoni mwa vilima, ni kinongo. Hatari yake ni moja: baada ya manyunyu madogo unapata utelezi juu juu wakati chini bado pakavu. Usifunge breki kwa ghafla, na kona ikate taratibu ukiwa umesimamisha mwili.

Kichanga utakikuta pale ambapo magari ya ng'ombe yamepita miaka na miaka. Magurudumu yao yanasaga ardhi, unabaki unga mweupe wa kuzama. Ukiingia, gurudumu la mbele litataka kwenda linakotaka lenyewe, na mtu mgeni hukaza mikono, akaupinda usukani, akaanguka ubavu. Fanya hivi: kabla hujaingia, weka gia nyepesi. Jirudishe nyuma kidogo kwenye kiti ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Usukani ushike kama unavyoshika kitambaa cha hariri chini ya sindano, usikiache na usikivute. Macho yatazame mbele hatua kumi, si chini ya tairi. Na kubwa kuliko yote, endelea kunyonga. Ukiacha kunyonga katikati ya kichanga umekwisha, itabidi ushuke uvute kwa mkono. Kuvuta nako si aibu. Nami kuna mahali huvuta mpaka leo.

Wa tatu ni kinamo, udongo wa bondeni, wa kijivu mpaka mweusi, pale wanapolima mpunga na majimbi. Mkavu hupasuka mipasuko ya kuingia tairi. Ukilowa hauna dawa: unajipaka kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na fremu, na baada ya hatua ishirini gurudumu halizunguki tena. Usilazimishe, utakata cheni. Shuka, tafuta kijiti, kwangua, kisha ibebe baiskeli begani mpaka upande wa pili. Kwa hiyo kama usiku mvua ilinyesha, shika njia za mgongoni na mabonde yaache kwa siku nyengine.

Msimu nao unafuata hapo hapo. Masika, Machi mpaka Mei, mimi sitoki kabisa nje ya lami. Wakati bora ni kipupwe, Juni hadi Agosti, na Septemba pia nzuri: jua halichomi na udongo umekauka. Januari na Februari unaweza, ila uwe umemaliza safari kabla ya adhuhuri, maana joto lake ni la kuzimia mtu.

Baiskeli uliyonayo

Hakuna haja ya kununua mpya. Baiskeli ya gia ya mtumba yenye tairi pana, zile zenye meno meno, inatosha. Hata ya kawaida isiyo na gia imewafikisha watu wa shamba Kizimbani tangu babu zetu, wakiwa na mafungu ya nazi juu ya keria. Lakini kwa anayeanza, gia zitamwokoa kwenye mwinuko wa Kidichi.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: baiskeli za mtumba hazifanani breki. Zilizotoka Japani au Uingereza, mkono wa kulia ndio breki ya mbele. Zilizotoka nchi nyingi nyengine za Ulaya, wa kushoto ndio wa mbele. Usidhani. Simama, inua gurudumu la mbele, lizungushe, bana breki moja, uone ipi inalisimamisha. Kisha funga kijitambaa chekundu kwenye mkono wa breki ya mbele mpaka uzoee. Kwenye mteremko wa mchanga, breki ya mbele ikibanwa peke yake kwa nguvu inakurusha juu ya usukani. Anza na ya nyuma, halafu ongeza ya mbele kidogo kidogo.

Mara moja nilimkodia wifi yangu baiskeli mahali, sikukagua, nikaamini neno la mwenye kukodisha. Mipira ya breki ilikuwa imelika mpaka chuma. Tulijua tulipokuwa tayari tunashuka. Alijitupa kwenye majani, Alhamdulillahi hakuvunjika kitu, ila tangu siku hiyo simpandishi mtu baiskeli ambayo sijaibana breki kwa mkono wangu nikaisukuma mbele kwa nguvu zangu zote.

Kiti: kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Hapo ukikanyaga kwa unyayo goti litapinda kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Wanawake wengi wanashusha kiti ili miguu miwili ifike chini, wanajihisi salama, lakini baada ya kilomita tano magoti yanawaka moto. Inatosha ncha za vidole ziguse ardhi.

Upepo wa tairi: ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango, mara nyingi nambari mbili, ndogo na kubwa. Kwa lami jaza karibu na kubwa. Kwa shamba shuka karibu na ndogo. Tairi laini kidogo linatandaa juu ya mchanga na linameza mizizi. Ukilibonyeza kwa dole gumba liwe linaitikia kidogo, lakini ukikaa juu ringi isikaribie kugusa chini. Na hakikisha pampu yako inaingia kwenye valvu ya tyubu yako, kwa sababu ziko aina tatu, nyembamba ndefu, nene kama ya gari, na ile ya zamani yenye kipira ndani. Nimemkuta kijana mmoja Kidichi ana pampu mpya na pancha, na viwili hivyo havikukutana.

Nguo

Hapa niacheni niseme kwa kirefu, ndiyo kazi yangu.

Cheni ya baiskeli iko kulia, na buibui la dukani lina mzunguko mpana chini. Viwili hivyo vikikutana kitambaa kinaingia kati ya cheni na meno, gurudumu linasimama, nawe unaendelea. Usipande na buibui lililoachwa hivi hivi. Lile ninalowashonea wanawake wa baiskeli ni hivi: urefu naukomesha katikati ya muundi, si kifundoni. Kuanzia gotini napasua pande mbili, na ndani ya kila mpasuo natia kipande cha pembetatu cha kitambaa hicho hicho, kwa hiyo ukinyonga nguo inafunguka kama feni na mguu hauonekani. Chini yake unavaa suruali pana yenye lastiki kifundoni. Kitambaa kiwe cha pamba iliyochanganywa, chenye uzito kidogo. Hizi krepu nyepesi upepo unazipeperusha mpaka usoni. Juu, mtandio usiwe mrefu wa kutupia begani. Ushone kichwani kama kofia, ufike kifuani, uishie hapo, na usiwe mnene ili kofia ngumu ikae juu yake bila kucheza.

Kama huna muda wa kushona, chukua pini mbili, kunja upindo wa kulia mpaka muundini, ubane mbele na nyuma. Itakufikisha na kukurudisha.

Wanaume kwao ni wepesi zaidi, ila nawaomba kitu kimoja. Huko mnakwenda majumbani mwa watu. Suruali ivuke goti na fulana iwe na mikono.

Kutoka Mjini

Mjini mpaka Bububu ni kama kilomita kumi, lami tupu, na barabara ya Bububu ina daladala nyingi zinazosimama bila kukuangalia. Anayeanza asianze hapo. Sisi tunakodi gari ndogo ya mizigo, baiskeli nne au tano zinalazwa nyuma juu ya magunia matupu, tunachangiana nauli, tunashushwa njia panda ya Bububu. Ukishapata mazoezi ya miezi kadhaa, nenda kwa kunyonga kutoka Mjini, utapita Maruhubi na Mtoni kwenye magofu ya majumba ya masultani, bahari mkono wako wa kushoto. Ni njia nzuri alfajiri.

Upepo uweke kwenye hesabu yako. Wakati wa kusi unavuma kutoka kusini, kwa hiyo kwenda Bububu unakusukuma mgongoni, unajiona shujaa, na kurudi unakukabili kifuani ukiwa umechoka. Wakati wa kaskazi ni kinyume. Kwa hiyo kipupwe bakisha nguvu na maji ya kurudia.

Toka baada ya sala ya alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu uwe Bububu. Pale kwenye njia panda pana chai, maandazi, na muhogo. Kula kidogo, si kushiba. Watu watakwambia jina Bububu limetokana na mlio wa treni, na ni kweli treni ilikuwepo: ilianza 1905 kutoka Forodhani, ikafa 1928. Lakini Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani Sayyid Said, aliishi Bububu na akaondoka Zanzibar mwaka 1866, na jina alilikuta. Mimi naamini wanaosema ni mlio wa chemchem, maana maji ya Mji yametoka huko muda mrefu, yakishuka kutoka mgongo wa Masingini.

Njia panda kata kulia, bahari uiache mgongoni. Kutoka hapo mpaka Kidichi ni kilomita tatu na ushei na njia inapanda pole pole. Huo ndio mlima wetu. Unguja nzima haina zaidi ya mita mia moja na kitu. Badilisha gia mapema, pale chini kabla mwinuko haujakukaza, kwa sababu ukibadilisha huku umekandamiza pedeli kwa nguvu cheni inalia na huenda ikachomoka. Kaa kitini, tafuta mwendo ambao bado unaweza kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, umekwenda haraka. Pumzika chini ya mwembe, si chini ya mnazi. Hilo la mnazi lizingatie kila unapotaka kusimama: tazama juu kwanza.

Kidichi ipo hamamu, nyumba ya kuogea ya zamani. Sayyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kuna kiingilio kidogo, lipa, egemeza baiskeli mahali msimamizi anapoiona, ingia. Kuta zake za chokaa zimechongwa maua, mitende na ndege, kazi ya Kiajemi, na ukizingatia kwamba mwenye nyumba alikuwa Ibadhi, wa madhehebu yanayoepuka picha za viumbe, kuwaona ndege wale ukutani ni jambo la kulitazama mara mbili. Mimi huwatazama kwa jicho la fundi: ua limerudiwa na kurudiwa, na hakuna mawili yaliyolingana kabisa, kama darizi ya kofia ya mkono. Ndani pana ubaridi, usikae ukapoa sana ukiwa na jasho.

Baada ya hapo ndipo lami tunapoiacha. Vijia vinaingia mashambani kuelekea mashariki, jua la asubuhi likiwa usoni. Siwezi kukuelezea kila kona, kwa kuwa njia za shamba huhama: mtu akipanda muhogo, njia inazunguka. Utauliza. Na kuuliza ndiko kunakokupa ruhusa.

Salamu

Njia hizi si za serikali wala si za michezo. Ni njia za watu kwenda kisimani, skuli na mashambani mwao. Ukimwona mtu mzima mbele, acha kunyonga, shuka kabisa, salimia. Kengele usiigonge mgongoni mwa mzee. Mara yangu ya kwanza kwenda peke yangu nilimkuta mzee anachuna mchaichai.

"Assalaam alaykum, babu."

"Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kwema utokako?"

"Kwema. Njia hii inatoka Kizimbani?"

"Inatoka. Lakini usishike ya mkono wa kushoto, ile inakufikisha kwangu tu. Na kama unapita kwangu, mwambie bibi yako akupe maji."

Nilishika ya kushoto, nikaenda nikapewa maji, na pipa zima la habari za watoto wao. Mpaka leo kila nikipita nampelekea bibi yule kitambaa kidogo, na nikichelewa, adhuhuri naisali kwake. Msikiti wa kijiji mara nyingi hauna nafasi ya wanawake, kwa hiyo wenzangu mkitoka mjue mapema mtasali wapi.

Gari la ng'ombe likija, lipishe mbali, simama upande mmoja nyote, msigawanyike kulia na kushoto ng'ombe akashtuka. Wakati wa mavuno utakuta karafuu zimeanikwa juu ya majamvi mpaka ukingoni mwa njia. Kila punje imechumwa kwa mkono juu ya mti na kuchambuliwa kwa mkono tena usiku. Shuka, izungushe baiskeli kwa mbali, hata kama kuna upenyo wa kupita. Tunda lililo mtini lina mwenyewe, na lililoanguka pia. Nunua, shokishoki na mabalungi ya huku bei yake ni ndogo kuliko ya sokoni Darajani. Picha omba kwanza. Na Ramadhani kama unasafiri mchana, maji yako yanywe pa faragha. Ijumaa mimi sitoki.

Jihadhari na upupu. Unatambaa kwenye vichaka vya ukingoni, maganda yake yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu, na kiangazi manyoya hayo yanapeperuka. Ukiugusa usijikune wala kujipangusa kwa kiganja, utauhamishia usoni. Ndiyo sababu nyengine ya suruali ndefu.

Kizimbani na kurudi

Kizimbani, kwa mwendo wa kupumzika, utafika saa nne. Hapa karafuu zilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Saleh bin Haramil Al-Abri, miongoni mwa mashamba ya mwanzo kabisa kisiwani, kabla Sayyid Said hajayachukua. Sasa ni pahala pa chuo cha kilimo na watafiti. Barabara zake za ndani zina miti mikubwa kwa pande mbili na kivuli, na udongo ni kinongo safi. Mahali hapa nawafundishia wageni kushuka mteremko. Simama juu ya pedeli mbili zilizolingana, moja mbele moja nyuma, magoti na viwiko vimelegea, makalio nyuma ya kiti kidogo, vidole viwili viwili juu ya breki. Shuka, panda kwa mguu, shuka tena. Mara tano. Mara ya tatu utaona mabega yameacha kupanda masikioni.

Pancha nyingi zinatokea hapa, kwa miba ya midimu na michongoma. Pindua baiskeli, toa gurudumu, ondoa tairi upande mmoja, vuta tyubu. Ijaze upepo, ipitishe karibu na midomo yako ukiizungusha. Midomo inahisi upepo ambao mkono hauhisi. Ukipata tundu litie alama ya kalamu. Sugua kwa msasa mpaka ule mng'ao uondoke, paka gundi eneo kubwa kuliko kiraka, kisha subiri. Hapo wengi wanakosea, wanabandika gundi ingali mbichi. Iache ikauke, ukiigusa kwa kidole isiache uzi. Bandika, kandamiza kwa dole gumba kutoka katikati kwenda nje. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba uliobaki. Mwiba huo usipoutoa, utakaa chini tena baada ya hatua hamsini. Mimi hutumia kipande cha pamba kutoka sandukuni mwa vipande vyangu, na nawapa wanaokuja bure.

Mfuko wako basi uwe na hivi: tyubu moja nzima, viraka, msasa, gundi, vijiko viwili vya kutolea tairi, spana, pampu, maji lita mbili kwa mtu, tende, chumvi kidogo ndani ya karatasi, na dawa ya vidonda. Boflo na mayai ya kuchemsha mnakula Kizimbani kivulini.

Saa tano geuza. Mwenye nguvu anaweza kushika ya Dole akatokea Welezo, ni lami na inamwingiza Mjini kwa upande wa juu. Anayeanza arudi alikotoka, Kidichi mpaka Bububu, kwa sababu njia aliyokwishaiona haimchoshi, na sehemu kubwa ni kushuka. Ukipoteza njia usihangaike: elekea magharibi, fuata mashamba yanakoteremkia, utatokea barabara kubwa. Hata simu ikizima si tatizo hapo. Kwa jumla, ukianzia na kuishia Bububu, ni kama kilomita ishirini, na nusu yake tu ndiyo ya shamba. Kwa siku ya kwanza inatosha sana.

Bububu kabla ya kupakia baiskeli kunywa dafu, na si soda.

Ukifika nyumbani usilale kabla hujaiosha. Ndoo moja na kitambaa vinatosha. Usiimwagie maji kwa nguvu kwenye mihimili ya magurudumu, grisi itatoka. Cheni ifute ikauke, kisha itie tone moja moja la mafuta ya cherehani huku unazungusha pedeli kinyume, halafu ifute tena nje ibaki kama haikupakwa, maana mafuta ya juu juu ndiyo yanayonasa mchanga. Fanya usiku huo huo. Sisi tunaoishi karibu na bahari, ukiiacha mpaka asubuhi utakuta chumvi ishaanza kazi, na rangi ya hudhurungi imeingia kwenye kila kiungo.